Benki Kubwa Zikivunjwa, Vipande Viwe vya Nani?

Mada kwa semina ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Gulfton, Houston



Majengo mengi tunamopanga hapa Gulfton yalijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana waliomiminika Houston kufuata kazi za mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1980 vijana hao waliondoka, vyumba vikabaki vitupu, wenye nyumba wakashusha kodi na kuwapokea wahamiaji wa Amerika ya Kati. Sisi wa Kongo, Burundi na Afrika Mashariki tulifuata nyuma yao.

Anguko lilelile liliziangusha benki. Kati ya benki kumi kubwa za Texas, tisa hazikuweza kusimama bila msaada wa serikali au mnunuzi kutoka nje ya jimbo. First RepublicBank ya Dallas ilifilisika mwaka 1988 ikachukuliwa na NCNB ya North Carolina, ambayo leo ni Bank of America. Texas Commerce ya Houston ilikuwa imekwisha kununuliwa na Chemical ya New York mwaka 1987, na leo imo ndani ya JPMorgan Chase. Na hili ni jimbo ambalo hadi mwaka 1986 katiba yake ilizuia benki kufungua matawi!

Ndivyo mabenki haya yalivyonenepa: kila msukosuko humwachia mkubwa mali ya aliyeanguka. Sheria ya mwaka 1994 inazuia benki kujipanua kwa kununua nyingine hadi kupita asilimia 10 ya amana zote za nchi, lakini inaacha mlango wazi benki inayonunuliwa ikiwa inafilisika. Mwaka 2023 JPMorgan, iliyokuwa tayari juu ya kiwango hicho, ilipita mlango huo kuichukua First Republic ya San Francisco.

Wanaodai mabenki hayo yavunjwe nawaunga mkono. Ila sisi tunao mfano wa nyumbani wa benki iliyovunjwa kweli, na haufurahishi sana. Tanzania ilitaifisha mabenki Februari 1967 na kuunda Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliyokua hadi kumeza karibu biashara yote ya benki nchini. Mikopo mibovu kwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika iliielemea. Mwaka 1997 ikagawanywa: upande mmoja NBC mpya, ambayo hisa zake nyingi ziliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini mwaka 2000, upande mwingine NMB, iliyobaki na matawi ya wilayani. Mwaka 2005 asilimia 49 ya hisa za NMB zilikwenda kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Rabobank ni nini? Ni benki ya ushirika, iliyotokana na vyama vya wakulima wa Kiholanzi. Vyama vikuu vya wakulima wetu wenyewe serikali ilikuwa imevivunja mwaka 1976, na viliporudishwa havikuwa na nguvu ya kununua chochote. Benki ikagawanywa na wanaoitegemea hawakuwa mezani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani atavunja, tuulize nani yuko tayari kumiliki. Hapa Marekani jibu moja lilitoka Texas hii hii. Seneta Morris Sheppard na mbunge Wright Patman, wote wa kaskazini mashariki mwa jimbo, ndio waliosukuma sheria ya mwaka 1934 ya vyama vya kuweka na kukopa, na chama cha kwanza chini yake kilianzia Texarkana mwaka huohuo. Kila mwanachama ana kura moja, awe na dola 25 au 25,000. Amana zina bima ya serikali hadi dola 250,000. Riba ya vyama vya shirikisho kwa kawaida haivuki asilimia 18, na kwa mikopo midogo maalumu asilimia 28. Linganisheni na maduka ya mikopo ya haraka ya Texas, ambako gharama ikihesabiwa kwa mwaka hupita asilimia 400.

Ushirika nao si malaika. Walimu wa Kenya wanajua: sacco yao ya Mwalimu, yaani chama chao cha kuweka na kukopa, ilipotamani kuwa na benki ilinunua Equatorial Commercial Bank, ikaiita Spire, ikapoteza mabilioni ya shilingi, na mwaka 2023 benki ya Equity ikachukua kilichobaki. Tamaa ya ukubwa huingia hata kwenye nyumba ya wanyonge.

Pendekezo langu basi ni dogo. Tusianzishe chama kipya. Kibali chake kinahitaji mtaji na miaka. Vikundi vyetu vya upatu, vile Wakongomani wanavyoviita likelemba, tayari vina nidhamu ya kuchangia kila mshahara, lakini fedha zake hazina bima wala hazimjengei mtu historia ya mikopo. Vikundi hivyo vichague chama kimoja kilichopo kinachokubali wakazi wa eneo hili, na wanavikundi wajiunge kwa pamoja. Kisha, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, tusimamishe mgombea wa bodi. Ujumbe wa bodi kwa kawaida hauna mshahara, hivyo watu hawaugombanii sana. Masharti ya kwanza ya kudai nayaona mawili: mkopo mdogo wa kumwondoa mtu kwenye duka la mikopo ya haraka, na karani mmoja anayezungumza Kiswahili. Wenye vikundi vya upatu mliomo humu ukumbini, naomba tuanze mjadala na ninyi: kikundi chenu kiko tayari kuhamisha mchango wa mwezi gani?