Kura Moja ya Chake Chake



Mwanahistoria akiuliza "ingekuwaje?" wenzake humtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Jioni hii nitaingia navyo. Nataka tuzipige upya hesabu za chaguzi za Zanzibar za 1961 na 1963, zile ambazo wazee wetu wakizitaja husema tu "zama za siasa".

Januari 1961 vilishindaniwa viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria. Vyama vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Katika vile 10 vya Afro-Shirazi, kimoja, cha Chake Chake kule Pemba, kilipatikana kwa kura moja. Angeamka na homa mfuasi wao mmoja siku ile, kura zingelingana. Wangeugua wawili, kiti kimekwenda kwa Hizbu. Basi wale wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili, Mohammed Shamte akiwemo, wakaenda upande wa Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Likaongezwa jimbo la 23, na Juni watu wakarudi vituoni. Safari hiyo zilizuka ghasia, wakafa watu 68.

Tuwape homa wale wawili. Hizbu 10, Afro-Shirazi 9, na ZPPP wagawanyike vilevile walivyogawanyika: 12 kwa 10. Serikali inaundwa Januari, na uchaguzi wa Juni haupo. Sisemi chuki isingekuwepo. Ilikwishaingia hadi kwenye kibaba cha mchele. Watu walisusa duka la mwenye chama kingine, wakasusa basi lake, na wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu ya wenyewe walitolewa mashambani kwa ajili ya chama. Lakini ghasia za Juni zilihitaji foleni za Juni, na foleni hizo zisingepangwa.

Dhana inayopendwa zaidi barazani si hii, ni ile ya Julai 1963. Mnaijua: Afro-Shirazi walipata takriban asilimia 54 ya kura zote, wakaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu, kwa asilimia 30 hivi, walipata 12. ZPPP, kwa asilimia 16, walipata 6. Muungano wa hao wawili ukawa na viti 18, na Shamte akawa Waziri Mkuu. Afro-Shirazi walikuwa wakishinda kwa kura za kumwaga huku, na kushindwa kwa kura chache kule. Na kura ya ziada katika jimbo ulilokwishashinda haina kazi. Hapo msemaji wa barazani hutoa kalamu, akagawa viti kwa uwiano wa kura: 17 kwa Afro-Shirazi, 9 kwa Hizbu, 5 kwa ZPPP. Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, ni Waziri Mkuu, Sultan Jamshid yuko kwenye kiti chake, bendera inapandishwa tarehe 10 Desemba, na Januari inapita kimya, bila mapinduzi.

Hesabu ni sahihi, historia yake ndiyo mbovu. Huwezi kubadili kanuni ya mchezo ukadai wachezaji wangecheza vilevile. Hizbu na ZPPP waliachiana majimbo kwa sababu kila jimbo lilikuwa na mshindi mmoja. Kwa kanuni ya uwiano kila chama kingesimama peke yake kila mahali, na huenda chama cha Umma, ambacho Babu alikianzisha mwaka ule ule baada ya kuihama Hizbu, nacho kingejitosa. Zile asilimia 54 zilizaliwa na kanuni iliyokuwepo. Hatuna ruhusa ya kuzihamishia kwenye nyingine. Homa ya watu wawili Chake Chake haidai makubwa hayo. Ndiyo maana naiamini zaidi.

Hata hivyo nitamkubalia msemaji wa barazani jambo moja, nalo halimo kwenye kura. Serikali ya Shamte iliwaachisha kazi askari polisi wengi waliotoka bara. Usiku wa mapinduzi, kuamkia tarehe 12 Januari 1964, bohari la silaha la polisi pale Ziwani lilipovamiwa, baadhi ya watu hao walikuwa miongoni mwa wavamizi, na walijua mlango uko wapi. Serikali ya Afro-Shirazi, iwe ya viti 17 au hata 16, isingekuwa na sababu ya kuwaondoa. Wangekuwa ndani, zamu ya usiku, wakililinda bohari lile lile.