Omo Kule, Safari Huku

Wanafunzi wetu wa Kasulu na Kibondo, chukueni rula, bikari na karatasi. Leo tuna vekta, mada inayowatisha wengi, ingawa aliyekulia karibu na Malagarasi hana sababu ya kuiogopa.

Mto huo unashuka kutoka milima ya mpakani na Burundi hadi Ziwa Tanganyika. Tuseme mahali fulani una upana wa mita 40, na maji yanakwenda mita 0.6 kwa sekunde. Mpiga kasia anausukuma mtumbwi mita 1 kwa sekunde majini. Akielekeza omo ng'ambo moja kwa moja, atavuka kwa sekunde 40, lakini atakuwa amesombwa mita 24 kuelekea chini. Sikilizeni vizuri: mkondo haukumchelewesha hata kidogo, umemhamisha tu.

Je, akitaka kushukia mkabala na alipoanzia? Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa huandika neno mwendokasi likiwa peke yake. Andika daima ni wa nini, na umepimwa kutoka wapi. Kuna wa mtumbwi ukipimwa kutoka kwenye maji, wa maji ukipimwa kutoka ukingoni, na wa mtumbwi ukipimwa kutoka ukingoni. Jumlisha miwili ya kwanza kama vekta, unapata wa tatu.

Tuchore. Sentimita 10 ziwe mita 1 kwa sekunde. Weka nukta A. Kutoka hapo chora mstari mrefu wa kuvuka mto, kisha mshale wa sentimita 6 unaofuata maji, uishie W. Fungua bikari sentimita 10, simika ncha kwenye W, kata ule mstari wa kuvuka. Hapo ni C. Mshale wa W hadi C ndio mwelekeo wa omo: nyuzi 37 hivi kutoka mstari wa kuvuka, kuelekea maji yanakotoka. Pima A hadi C: sentimita 8, yaani mita 0.8 kwa sekunde. Atavuka kwa sekunde 50. Njia imenyooka, muda umeongezeka.

Barabarani mambo ni mepesi, mstari ni mmoja. Basi la kilomita 70 kwa saa linalikaribia lori la 50 lililo mbele yake kwa 20 tu. Yakija uso kwa uso, ni 120. Dereva anayelipita lori konani akumbuke tofauti hiyo.

Zoezi: masika yamefika, mkondo sasa ni mita 1.2 kwa sekunde. Rudia mchoro. Bikari yako haitaufikia mstari wa kuvuka. Eleza kwa maneno yako kwa nini, kisha mwoneshe mwalimu wako.