Uvimbe wa Kichwani Usiupasue kwa Haraka

 

Wahitimu wetu wa utabibu, muda si mrefu mtakuwa zahanati, na ataletwa mtu mwenye uvimbe kichwani. Ndugu zake watasema ni jipu, lipasuliwe wakawahi gari. Msikubali kuharakishwa. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi, na ukichana uvimbe wa mishipa mahali pasipo na damu ya kuongeza, mgonjwa anaweza kukufia mkononi.

Weka vidole kwanza. Ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, weka stetoskopu. Ukisikia mvumo, shuku kwamba ateri imejiunga moja kwa moja na vena. Muulize kama alipigwa au kuanguka, maana ateri ya kwenye panja ikijeruhiwa huweza kufura wiki kadhaa baadaye. Kisha mlaze, halafu mketishe. Uvimbe unaojaa akilala na kunywea akiketi huenda umeungana na mishipa ya ndani ya fuvu. Huo hata sindano usiuchome. Andika rufaa: atahitaji ultrasaundi ya dopla na CT ya mishipa, ndipo mabingwa waamue kuuziba kupitia katheta, kuukata, au vyote viwili.

Kwa watoto wachanga mambo ni tofauti. Alama nyekundu inayojitokeza wiki za mwanzo na kukua kwa kasi katika miezi 3 hadi 5 ya mwanzo, mara nyingi ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Nyingi hunywea zenyewe taratibu, kwa miaka. Mama anaweza kuja mtoto ameshachanjwa chale; msimgombeze, kesho harudi. Hemanjioma ikifanya kidonda au ikiwa kubwa, ipo dawa ya propranolol. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliripoti mwaka 2008 kwamba mtoto aliyepewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo, hemanjioma yake nayo ilinywea. Bahati ya namna hiyo humfikia anayemtazama mgonjwa mzima! Lakini dawa hii hushusha sukari na mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari ndiye aianzishe, na mtoto apewe akiwa amenyonya.

Na mzee mwenye doa kama la vilio la damu kichwani, linalotanuka na hakujigonga popote, msimpe dawa ya kupaka akaondoka. Hiyo yaweza kuwa saratani ya mishipa; apelekwe kukatwa kinyama cha kupima.

Siku ya kwanza kazini, bandikeni ukutani namba ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Mkitilia shaka, pigeni simu kabla ya kushika kisu.