Pima Sufuria Kabla ya Kuchagua Jiko

Wasikilizaji wa Mtwara Mjini, Mikindani, Msimbati na vijiji vyote vya mdomo wa Ruvuma, leo nazungumzia ukubwa wa jiko la kuni.

Tunapojenga au kununua jiko banifu, wengi tunauliza bei na uimara. Ukubwa tunaupanga kwa kufikiria harusi, unyago na wageni wa sikukuu. Hapo ndipo kuni zinapoanza kupotea. Shughuli huja mara chache kwa mwaka, na siku hiyo mafiga matatu ya uwanjani yanatosha kubeba sufuria kubwa. Jiko la ndani lifuate sufuria ya kila siku: ya ugali wa muhogo, ya mchuzi wa samaki, ya kuchemshia ming'oko.

Sababu iko kwenye moto wenyewe. Jiko likiwa pana kuliko sufuria, joto linapita pembeni na kupotelea hewani, na mpishi anazidi kuongeza kuni. Chumba kikubwa cha moto chenye kuni chache hakipati joto la kuunguza moshi, kwa hiyo moshi unatoka mzito na masizi yanaganda darini. Jiko dogo mno nalo lina adhabu yake. Sufuria inaubana moto, hewa haipiti, ndimi zinakatika kabla ya kuungua vizuri, na anayepika anatokwa machozi.

Basi tupime. Chukua sufuria unayoitumia siku nyingi za wiki, mpelekee fundi. Akijenga kwa udongo wa kichuguu, sufuria ikae ndani ya jiko na kuacha mwanya wa upana wa kidole kuizunguka. Mlango wa kuni wa jiko la familia, upana wa sentimita 10 hadi 12 unatosha. Mlango mpana unatushawishi kusukumia magogo, na magogo yanaziba hewa. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba, zipangwe juu ya kichanja ili hewa ipite chini yake. Na wewe baba unayemlipa fundi, mwite mama asimame pale wakati wa kupima, maana yeye ndiye anayekaa na ule moto.

Kuni ziwe kavu. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto unayachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuivisha chakula chako. Matawi tunayopogoa kwenye mikorosho yaanikwe kiangazi, yafunikwe kabla ya mvua. Maganda ya korosho yasiingie jikoni kamwe: mafuta yake yanababua ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua.

Hesabu hii ya kuni inatugusa kwa namna ya pekee sisi watu wa pwani hii. Mikoko ya Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kati ya mizizi yake kamba na samaki wadogo wanakulia, na miti hiyo inaukinga ufukwe na mawimbi. Jiko linalokula kuni kupita kiasi linamsukuma mtu kwenye mikoko, na mikoko ikiisha, mvuvi ndiye wa kwanza kuona nyavu tupu.

Kuna na afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo. Serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo ni jema, na anayeweza kumudu mtungi wa gesi leo asisubiri. Lakini nyumba nyingi za vijijini zitapika kwa kuni kesho asubuhi, na mapafu ya watoto wa nyumba hizo hayawezi kungoja mwaka 2034.

Kwa hiyo nawaomba: kabla ya kumlipa fundi, pimeni sufuria. Jengeni jiko la chakula cha kila siku, mlangoni penye hewa au penye dirisha pana, na shughuli zetu tuziachie mafiga ya uwanjani.