Shilingi ya Mgonjwa na Swali la Kipato

(Hotuba hii ilisomwa na katibu wa tawi mbele ya wanachama wa Migori na Homa Bay waliokutana Rongo. Tumeipiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo limetuletea maneno mengi, nalo ni kanuni za kumtoza mgonjwa kwa kadiri ya kipato chake, na za kumpunguzia yule asiyeweza. Baadhi yenu mwakaa ndani ya dirisha mkipokea fedha. Wengine mwasimama nje ya dirisha hilo hilo, mmebeba mtoto mwenye homa. Chama chetu kina watu wa pande zote mbili, na kwa hiyo hapa ndipo mahali pa kulisema.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Zamani nilikuwa karani wa fedha katika kituo kimoja, jina lake silitaji. Asubuhi moja alikuja mzee mwenye koti lililochanika mabegani, miguuni ana akala. Nikamwonea huruma, nikamwandikia nusu ya malipo. Nyuma yake akaja mama mchuuzi wa omena, nguo yake safi, kitambaa chake kimepigwa pasi. Huyu nikamtoza zote. Jioni mlinzi wetu, ambaye ni mzaliwa wa pale pale, akaniuliza, "Karani, leo umefanya nini?" Akanieleza kwamba yule mzee ana ekari sita za miwa, na koti lile ni la shambani tu. Yule mama naye alikuwa ameazima nguo kwa dada yake, asije mbele za watu akinuka samaki. Tena ulikuwa mwezi wa Mei. Ninyi watu wa Mbita, Karungu na Muhuru mwajua maana yake: uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka toka Aprili hadi mwisho wa Julai. Mama yule hakuwa na senti, na zile alizonilipa alikuwa amekopa kwa jirani.

Ndugu zangu, siku ile sikula rushwa wala sikumchukia mtu. Nilitumia macho yangu tu, na macho yalinidanganya mara mbili kabla ya saa nne.

Sasa tutazame sheria ya leo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea imekwisha, na mahali pake imeingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu huiita SHA. Mtu wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, wala haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Linganisheni na kipimo kilichoanza mwaka 2015. Aliyepata shilingi 18,000 alikuwa akikatwa 600. Kwa hesabu ya sasa ni 495. Aliyepata 100,000 alikatwa 1,700, na hata aliyepata milioni alikatwa hizo hizo 1,700. Sasa wa 100,000 hukatwa 2,750, na anayezidi huendelea kupanda. Wale wanaopiga kelele kwamba mdogo ameonewa katika kila jambo hawajashika kalamu wakapiga hesabu. Yule wa 40,000, aliyetoka 1,000 akaenda 1,100, huyo namruhusu anung'unike kidogo.

Kwa mwenye mshahara basi kipato hakina siri, kimeandikwa katika karatasi ya malipo. Shida yaanza kwa asiye na mshahara: mvuvi, mchimba dhahabu wa Macalder na Osiri, mwendesha boda boda wa Isebania, mkulima wa tumbaku kule Kuria. Huyu huulizwa maswali juu ya nyumba yake. Kuta ni za nini? Paa ni la nini? Mnapikia kuni au gesi? Choo ni cha namna gani? Mko watu wangapi? Kwa majibu hayo pato la nyumba hukisiwa, na asilimia 2.75 hutolewa katika hilo pato lililokisiwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, nazo hutakiwa zilipwe za mwaka mzima mbele. Mwaka 2025 ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ili mtu alipe kidogo kidogo.

Na hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Mjane wa Ndhiwa aweza kuwa na nyumba ya mabati aliyojengewa na marehemu mumewe miaka ishirini iliyopita. Mabati hayo hayamletei hata kilo ya sukari. Mkulima wa miwa wa Awendo hungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo miwa ikatwe, na baada ya kukatwa hungoja tena fedha. Ukimwuliza wiki ile aliyolipwa, ni tajiri. Ukimwuliza miezi sita baadaye, anakopa chumvi. Mchimba dhahabu naye aweza kupata leo na asipate tena kwa wiki tatu. Kwa hiyo anayeuliza lazima aulize habari za mwaka, asiulize za leo. Na anayejibu ajibu kweli tupu. Mtu akisema ana ng'ombe mmoja naye ana kumi, amemnyang'anya jirani yake.

Wenzetu wa Marekani wana vituo vya afya vya jamii vilivyoanza mwaka 1965, na vile vinavyopata fedha za serikali yao kuu vimewekewa amri ya kupunguza malipo kwa kipato. Huko huuliza mambo mawili tu: pato la nyumba ni kiasi gani, na nyumba ina watu wangapi. Paa halihusiki. Aliye chini ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali hupewa punguzo lote, asidaiwe ila labda ada ndogo sana. Aliye juu ya mstari huo, mpaka mara mbili yake, hupunguziwa kwa ngazi. Aliyezidi hapo hapati punguzo hili. Na ni lazima tangazo la punguzo libandikwe mahali ambapo mgonjwa ataliona. Sisemi tuige kila kitu, maana kule karibu kila mtu ana karatasi ya mshahara na hapa kwetu wengi hawana. Lakini hilo tangazo la ukutani, nani anatuzuia kulibandika?

Narudi kwetu. Kwa sheria ya sasa, mtu aliyejiandikisha na SHA akienda dispensari au kituo cha afya hatakiwi kulipa matibabu ya kawaida, maana ule mfuko wa afya ya msingi ndio unaolipa. Swali la kipato basi lina milango miwili. Wa kwanza ni siku ya kujiandikisha, anapopimwa. Wa pili ni huko hospitali kubwa, mtu anapolazwa naye hajalipa mchango wake, akaletewa bili. Hapo ndipo penye msamaha wa malipo, ambao hupitia kwa afisa wa ustawi wa jamii na kukubaliwa na wakubwa wa hospitali. Karani hana mamlaka ya kusamehe kwa kinywa chake, wala hana mamlaka ya kumfukuza mtu kabla hajaonana na afisa huyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu ya deni, kwamba kuwazuilia namna ile kulivunja haki zao. Mlinzi akiamriwa kufunga geti ili mgonjwa asitoke kwa ajili ya bili, na alete habari hiyo kwa chama siku ile ile.

Lakini kwa nini kanuni nzuri hazifuatwi? Hapa nawaomba mnisikilize sana, maana jambo hili latuhusu sisi wafanya kazi wenyewe.

Mwaka 1965 serikali yetu changa iliondoa ada ya mgonjwa wa nje. Desemba 1989 ada zikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 1990 ada ya mgonjwa wa nje ikasimamishwa, kisha ada zikarudishwa tena kwa awamu. Mwaka 2004 ikatoka amri kwamba dispensari itoze shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20, basi. Na watoto chini ya miaka mitano wasitozwe, wala maskini. Amri ilikuwa fupi, mtoto wa shule angeielewa. Hata hivyo watafiti waliokwenda Kwale na Makueni walikuta vituo vingi vinatoza zaidi ya hapo. Je, makarani walikuwa wezi? Hapana. Fedha zile za wagonjwa ndizo zilizonunua sabuni na glavu, na ndizo zilizomlipa mfagiaji na mlinzi wa usiku, ambao hawakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Ada iliposhushwa, fedha ya kuwalipa ikapungua. Kila maskini aliyesamehewa alikuwa anasamehewa na mfagiaji bila ya mfagiaji kuulizwa. Juni 2013 ada za dispensari na vituo vya afya zikaondolewa kabisa, na serikali ikaahidi kufidia.

Leo twaambiwa kituo hulipwa na SHA, na ile sheria ya mwaka 2023 ya fedha za vituo vya afya yasema fedha zinazokusanywa na kituo zibaki kituoni zitumike pale. Vizuri. Lakini fedha ya mfuko ikichelewa, nani hukaa bila mshahara? Mfanya kazi wa kibarua. Na msimamizi aliyebanwa hivyo hutafuta shilingi kwa mgonjwa: nunua daftari, nunua glavu, toa kidogo ya mtu wa maabara. Punguzo linabaki katika karatasi, na mama wa omena anakopa tena kwa jirani.

Kwa hiyo msimamo wa tawi letu ni huu, na najua wengine hamtaupenda. Hatutatetea mwanachama anayetoza kisichoandikwa, hata kama mshahara wake umechelewa miezi mitatu. Mshahara wake tutaudai kwa mwajiri, kwa nguvu zetu zote, lakini hatutamruhusu audai kwa mgonjwa. Na kwa upande mwingine, hatutakubali karani akatwe mshahara kwa sababu ya punguzo lililotolewa kwa kanuni. Jambo hilo limetokea. Ndugu mmoja wetu alikatwa kwa sababu msamaha ulitolewa kwa mdomo, na aliyeutoa akakana. Mwisho wa mwezi hesabu haikulingana, na karani hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Basi ninyi wa dirishani, ulizeni kila mtu maswali yale yale, hata ambaye mwamjua. Nasema hivi kwa sababu hapa kwetu kila mtu ni shemeji ya mtu. Mtu akikuita "omera" dirishani, mwitikie vizuri, umwulize hali ya nyumbani, halafu umpe karatasi ile ile uliyompa mgeni wa kutoka Tanzania. Msiulize mambo ya pato mbele ya foleni. Mtu mzima hawezi kusema "sina" wakati mkwe wake amesimama nyuma yake. Atasema "ninacho", na kesho hatarudi, hata kidonda kikioza. Mwiteni pembeni. Majibu yaandikwe, asomewe, atie sahihi au kidole. Aliyekubali punguzo naye atie sahihi yake, na risiti ionyeshe bili yote, kiasi kilichopunguzwa na kiasi kilicholipwa. Nakala moja iwe yako wewe karani, uitunze kama kitambulisho chako.

Nanyi mlio nje ya dirisha, jiandikisheni mkiwa wazima. Piga *147# katika simu, au mwombe yule mhamasishaji wa afya wa kijiji akusaidie. Ukiona kipimo chako kimekuwa kikubwa kuliko pato lako, usikae kimya ukasubiri kuugua. Dai upimwe tena, na kama huwezi kuandika, karani wa tawi atakuandikia barua bure.

Ndugu Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano barua kwa idara za afya za Migori na za Homa Bay. Twaomba tangazo la malipo na misamaha libandikwe katika kila kituo, kwa Kiswahili, Kidholuo na Kikuria. Twaomba fomu moja ya msamaha kwa vituo vyote, iwe na nafasi ya sahihi mbili. Na twaomba mishahara ya vibarua wa vituo iwekwe katika bajeti ya kaunti, isitegemee fedha ya dirishani. Barua iko mezani kwa mweka hazina, pale karibu na mlango. Wa zamu ya usiku watie sahihi kwanza, maana gari lao laondoka saa kumi.