Hilo, Mji wa Mvua, na Funzo la King'ora



Katika Bahari ya Pasifiki kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Hawaii, kilichotokana na milima ya moto, nacho kimo katika dola ya Marekani. Upande wake wa mashariki, kando ya ghuba, uko mji wa Hilo, wenye watu wapatao 44,000 kwa hesabu ya mwaka 2020.

Mgeni afikaye Hilo na asisahau mwavuli. Pepo zitokazo kaskazini-mashariki huleta unyevu wa bahari, zikaigonga milima miwili mirefu, Mauna Kea na Mauna Loa, ambayo kila mmoja wapita futi 13,000. Hewa hupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Kwa mwaka hupita inchi 120. Kwa hiyo miti ni mingi, maua ni tele, na watu hawana haraka. Sokoni huuzwa mapapai na maua, na mvua ikianza muuzaji husogea tu chini ya turubai akaendelea na mazungumzo yake.

Lakini mgeni atashangaa jambo moja. Karibu na maji, mahali ambapo miji mingine ingejenga maduka, Hilo ina bustani na nyasi tupu. Sababu yake ni ya huzuni.

Tarehe 1 Aprili 1946, bahari ilitetemeka chini karibu na Alaska. Asubuhi, yapata saa moja, mawimbi makubwa yaitwayo tsunami yaliingia Hilo bila onyo lo lote, yakaua watu 96 mjini humo. Ndipo Serikali ikaanzisha, mwaka 1949, kituo cha kuangalia matetemeko na kuonya watu.

Tarehe 22 Mei 1960 nchi ya Chile ilipatwa na tetemeko kubwa kupita yote yaliyopata kupimwa. Safari hii onyo halikukosekana. Mawimbi yalihitaji muda wa saa 15 hivi kufika Hilo, na king'ora kililia saa mbili u nusu za usiku. Hata hivyo wengi hawakuondoka. Baadhi yao hawakujua king'ora kile chawataka wafanye nini, wakangojea kingine. Wengine walikumbuka maonyo yaliyopita ambayo yalileta maji kidogo tu. Wengine walishuka pwani kutazama! Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo, wakadhani yamekwisha. Saa saba na dakika nne likaja kubwa, na watu 61 wakafa.

Baada ya msiba huo wenye mji hawakujenga tena mahali pale. Waliwaachia watoto wacheze na bahari ipite.

Habari hizi si za mbali kwetu. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi yakaua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania.

Basi mtu aishiye pwani na ajue mambo matatu. Bahari ikirudi nyuma ghafula, asiokote samaki, akimbilie mlimani. Wimbi la kwanza likipita, asirudi, kwa kuwa la nyuma laweza kuwa kubwa zaidi. Na aulize mapema, siku ya amani, maana ya onyo ni nini, maana king'ora kisichoeleweka ni kelele tu. Tahadhari kabla ya athari.