Mti, Uzi na Kipima Pembe

(Muziki wa kufungulia unashuka. Mzungumzaji anaanza.)

Leo nazungumza kutoka Makindye, moja ya divisheni tano za Kampala. Ni mahali pa miteremko, nyumba ikiangalia bati la nyumba nyingine. Upepo wa mvua ukianza, mama mwenye watoto anajiuliza: ule mkaratusi, ambao Waganda wanauita kalitunsi, ukianguka utafika kwangu?

Swali hilo lina jibu, na hakuna haja ya kupanda mti. Hesabu yake inaitwa trigonometria: ukijua upande mmoja wa pembetatu yenye pembe mraba, na pembe nyingine moja, unapata pande zilizobaki.

Chukua kipima pembe cha mwanafunzi, kile cha nusu duara. Funga uzi katikati ya ukingo wake ulionyooka, ning'iniza kijiwe. Tazama kilele cha mti kwa kufuata ukingo huo, na mwenzako asome uzi unapita namba gani, ile iliyo chini ya 90. Iondoe kwenye 90. Uzi ukisoma 40, pembe yako ni nyuzi 50.

Sasa umbali. Kwenye uwanja tambarare ni rahisi, lakini Makindye si uwanja wa mpira! Tuseme umesimama upande wa juu wa mteremko. Kamba usiilaze chini ikafuata ardhi; ivutwe sawasawa kama meza, ianzie miguuni mwako, mwenzako aishike kwenye shina. Tuseme ni mita 10. Kisha pima pembe mbili: ya kupanda hadi kileleni, nyuzi 50, na ya kushuka hadi kwenye shina linapoingia ardhini, nyuzi 20.

Tanjenti ya 50 ni 1.19. Zidisha kwa 10, unapata mita 11.9. Tanjenti ya 20 ni 0.36, kwa hiyo mita 3.6. Jumlisha: mti una mita 15.5 hivi. Kama nyumba iko mita 14 chini ya mti, kilele kitalala juu ya bati.

Mimi nisingelala usingizi hata kama ingekuwa mita 16. Mkono ukitikisika nyuzi 2 tu, urefu unabadilika karibu mita nzima. Mti kama huo usikatwe kutoka chini kwa mara moja. Zungumzeni na mwenye nyumba, aitwe fundi wa kamba aukate vipande vipande kuanzia juu.

Huna kikokotoo? Chora. Sentimita 1 iwe mita 1. Piga mstari wa sentimita 10, simamisha mstari wa wima upande mmoja, na upande wa pili chora pembe ya nyuzi 50. Mistari inapokutana, pima kwa rula: utaona sentimita 11.9. Hiyo ndiyo tanjenti, haina uchawi mwingine.

Njia hii ndiyo iliyochora ramani zetu. Mwaka 1908 na 1909 wapimaji walipita magharibi mwa Uganda wakipima pembe kutoka kilele hadi kilele, katika mnyororo wa pembetatu uliotoka Afrika Kusini kuelekea Misri. Ulikamilika mwaka 1954.

Wanafunzi mliosoma Kongo kwa Kifaransa, msiogope mtihani wa Kiingereza wa hapa Uganda. Sinus mliyoijua ndiyo hiyo hiyo. Jina la pande ndilo linalobadilika.

Kinyume chake pia kinawezekana: ukijua pande, unapata pembe. Ngazi inayofika mita 4 ukutani, mguu wake ukiwa mita 1 kutoka ukutani, ina tanjenti 4, yaani nyuzi 76 hivi. Hapo mtu anaweza kupanda. Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, ngazi itateleza.

Sasa zoezi la vijana. Umesimama mita 8 kutoka mlingoti wa bendera, uwanja ni tambarare, pembe ni nyuzi 45, na jicho lako liko mita 1.5 kutoka ardhini. Mlingoti una urefu gani? Majibu wiki ijayo, saa hii hii.

(Muziki unapanda.)